Waingereza walipokuwa wakishinda

Ukigusia vita ya uhuru wa Marekani, mtu atakutajia Yorktown. Sawa, ndiko jeshi la Cornwallis, jenerali wa Kiingereza, lilikosalimu amri. Ila mimi huvutiwa zaidi na mapigano ambayo Waingereza walishinda, kwa sababu naona huko ndiko vita ilikowaponyoka.

Chukua Bunker Hill, ng'ambo ya Boston, tarehe 17 Juni 1775. (Jina lenyewe linapotosha, wengi walipigana na kufa Breed's Hill, kilima cha jirani.) Wakulima wa Kimarekani walikesha wakichimba boma la udongo. Mchana wake Jenerali William Howe akawapandisha askari wake mlimani kwa safu, kana kwamba wako gwaride. Wakulima wakanyamaza mpaka adui amesogea karibu kabisa, ndipo wakafyatua. Safu zikaporomoka. Zikapanda tena, zikaporomoka tena. Mara ya tatu baruti ikawaishia wakulima, Waingereza wakaingia na singe. Kilima wakakipata, kwa majeruhi na maiti zaidi ya 1,000, zaidi ya mara mbili ya hasara ya wenzao. Nathanael Greene, jenerali wa Kimarekani, akamwandikia ndugu yake kwamba natamani tuwauzie kilima kingine kwa bei hiyohiyo.

Miaka sita baadaye, biashara hiyo akaifanya mwenyewe kule Kusini.

Najua wapo watakaosema nimeiruka Saratoga, 1777, ambako jeshi la Waingereza lilishindwa na kusalimu amri. Bila Saratoga huenda Ufaransa isingejitokeza waziwazi mwaka uliofuata, hilo silibishi. Lakini Saratoga haikuimaliza vita; Waingereza walihamishia nguvu zao Kusini na kuuteka mji wa Charleston mwaka 1780.

Sasa tazama Januari 1781. Cornwallis ana hasira baada ya kikosi chake kuchapwa Cowpens. Ili amkimbize Greene bila mzigo, anachoma magari yake mwenyewe ya mizigo, mahema, hata ramu ya askari. Katikati ya baridi! Greene anarudi nyuma, anarudi tena, mwisho anavuka mto Dan kwa mashua alizoziandaa mapema. Cornwallis anafika ukingoni, mashua hakuna.

Greene aliporudi, walikutana Machi 15, Guilford Courthouse, North Carolina. Greene aliondoka, uwanja ukabaki kwa Cornwallis. Kwa hesabu za kijeshi, kashinda. Ila kati ya watu wake kama 1,900, zaidi ya 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Jeshi hilo halikuwa na ubavu wa kumfuata mtu. Likajikokota hadi pwani, Wilmington, kisha Virginia. Huko, Yorktown, manowari za Wafaransa zikaziba bahari, Washington na jenerali Mfaransa Rochambeau wakaziba nchi kavu.

Tarehe 19 Oktoba, Cornwallis alisema anaumwa, hakutokea. Alimtuma msaidizi wake, Charles O'Hara, akatoe upanga wa kusalimu amri. Huyo O'Hara alikuwa amejeruhiwa kule Guilford, katika ule ushindi.