Taulo ni la ubao

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya dakika nne ya huyu Mkenya kuhusu mimi na Profesa kule sauna, naomba niweke mambo sawa. Moja, sikuzimia. Nilikaa chini ghafla. Mbili, sikumpigia Profesa magoti. Niliinama, na kuinama na kupiga magoti ni vitu viwili, muulizeni mtu yeyote aliyelelewa Tanga. Tatu, suala la nani alimbeba nani nitalifikia, msinikimbize.

Mnaijua Berlin ya Novemba? Saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, manyunyu hayakati, na ukikaa wiki tatu bila kuona jua unaanza kuongea na hita. Ndipo wenzangu wa darasani wakasema Jumamosi twende sauna tukapashe mwili moto. Mimi nikasikia "moto", mengine sikuuliza. Mkenya alikuwepo. Ana miaka mitano mji huu, anajua kila kitu, na nilipomuuliza nibebe nini akanijibu, "Taulo tu, buda." Nikabeba kale kataulo kangu ka kufutia uso. Na kwa kuwa nilidhani tunakwenda bwawani, nikabeba na bukta yangu ya Coastal Union, timu yetu ya Tanga, maana Mgosi wa Kaya hatoki bila utambulisho.

Kiingilio sikitaji. Mama anasoma hapa, na anajua benki inanitolea euro 992 kwa mwezi, sitaki aanze kupiga hesabu.

Nikabadilisha nguo, nikatoka kifua wazi, bukta imeniketi vizuri. Mhudumu, mama wa makamo, akaitazama bukta, akanitazama mimi, akanyooshea kidole bango ukutani. TEXTILFREI.

Sasa Kijerumani changu mimi ni cha mabango. Najua Eintritt frei ni kiingilio bure, maneno hayo mawili ndiyo yaliyonitembeza mji huu tangu nifike. Textil nayo haihitaji kamusi. Nikajumlisha, nikapata: NGUO BURE. Nikamshukuru sana. Danke, danke schön. Nikasimama nasubiri nipewe. Mama akasubiri. Na mimi nikasubiri. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba mimi navaa saizi ya kati.

Ndipo babu mmoja akapita katikati yetu kama alivyotoka tumboni kwa mamaye, gazeti kwapani, hana habari na mtu.

Jamani, ile frei siyo ya bure. Ni ya kutokuwepo.

Nikageuka kumtafuta Mkenya. Nikamkuta ameegemea ukuta, amejifunga bonge la taulo la kuanzia kifuani hadi magotini, analia kwa kicheko bila kutoa sauti. Bukta nikaitundika kwenye ndoano, nikaiaga, nikajifunika kataulo mbele, nikaingia kinyumenyume.

Ndani kuna madaraja matatu ya mbao kama ya uwanja wa mpira. Wanaume na wanawake wamechanganyika, kimya kama msikitini. Nikapanda daraja la juu nikidhani ndiko kwenye kujificha. Kumbe ndiko kwenye moto, nyuzi tisini, pua inaungua ukivuta hewa. Nikakaa, kataulo mapajani. Mama mmoja akanigusa goti, akaonyesha ubao. Sheria ya huku, jasho lisiguse mbao, kwa hiyo taulo linakaliwa. Yaani kinachositiriwa ni ubao, siyo mtu. Nikalitandika. Likatosha nusu ya kalio moja. Basi mkono mmoja ukafanya kazi ya taulo, na mwingine ukafuta jasho.

Mlango ukafunguka.

Ubaridi ukaingia kwanza. Ikafuata miguu myeupe yenye mishipa. Halafu sitasema. Halafu uso. Na uso huo nilikuwa nimeuona Alhamisi, mbele ya ubao wa darasa, umevaa koti la sufu lililofungwa vifungo vyote. Msimamizi wangu wa tasnifu, mzee wa miaka sitini na ushee.

Nikaomba asinione. Na kweli hakuniona, miwani alikuwa ameiacha nje. Ila badala ya kunipita akasogea. Akasogea tena, amekunja uso kama anavyoyakunjia majedwali yangu. Kisha ukamtoka ule uso wa kumbukumbu. "Ah! Herr..." akalitaja jina letu la ukoo, la babu yangu mzaa baba, shekhe wa watu, likatajwa mle. Na mkono wake wa kulia ukaanza kuja.

Kichwa changu kilisema vizuri kabisa: kaa hapo hapo, mpungie. Lakini mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu mkubwa akiingia hukai. Ukikaa unapigwa kwenzi na mtu ambaye hata si ndugu yako. Miguu ikasimama yenyewe. Kataulo kalikuwa kameganda nyuma ya paja kwa jasho. Kakanifuata hadi nusu ya safari, kakasita, kakadondokea begani kwa yule mama. Mkono wa kulia ukatoka. Wa kushoto, ambao ndio uliobaki na kazi, ukaiacha kazi yake ukaenda kushika kiwiko cha kulia, kama adabu inavyotaka. Mgongo ukainama. Mimi niko daraja la juu, Profesa yuko chini, hesabu ya nani alikuwa usawa wa nini fanyeni wenyewe. Na mdomo, mdomo wangu huu ninaoulisha, ukapaza sauti kwenye chumba ambacho hakuna aliyetoa neno kwa robo saa nzima:

"SHIKAMOO!"

Profesa akang'aa uso mzima. "MARAHABA!"

Najua mnachouliza. Nilimfundisha mwenyewe. Siku ya kwanza ya muhula, kwenye kujitambulisha, nilijidai kueleza mila zetu, nikamwandikia na matamshi. Tangu Oktoba mzee alikuwa anatafuta pa kuitumia.

Ningetoka hapo hapo. Nilikuwa nimeshashuka daraja moja, akaingia kijana na ndoo ya maji ya mikaratusi, mlango ukafungwa. Wanaiita Aufguss. Anamwaga maji kwenye mawe, anazungusha taulo hewani kama mpiga debe wa stendi anayeita abiria, joto linakupiga makofi, na kutoka katikati ni utovu wa adabu. Nikakaa. Profesa akakaa karibu yangu, akanong'ona kwamba sura ya tatu ameisoma, na kwamba data zangu za mvua za bonde la Pangani zina mapengo. Nikajibu ndiyo, nitayafunika. Nilimaanisha hivyo kwa kila hali.

Kijana alipomaliza watu wakapiga makofi. Yule babu wa gazeti akaniinamia, mkono kwenye kiwiko, akasema "Schikamo." Jirani yake naye akasema hivyo hivyo. Nadhani wamechukulia ni sehemu ya huduma.

Yaliyofuata ni madogo. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, nilitoka, korido ikazunguka, nikakaa chini ghafla kama nilivyosema. Profesa akanishika kwapani. Sawa, akaninyanyua. Sawa, tulivuka ukumbi wa kupumzikia hivyo hivyo, na Mkenya nyuma yetu amebeba kataulo kama bendera. Hakubeba bukta.

Nakaa Wedding, mtaa wa hapa Berlin. Kurudi nyumbani napita Maji-Maji-Allee, kipande cha barabara iliyopewa jina la yule mkoloni wa Kijerumani, Carl Peters, mwaka 1939, wakaja kukibadilisha 2024. Siku zote hapo napita kifua mbele, hata kama sisi wa Tanga vita ile haikutufikia. Jumamosi nilipita nimevaa kofia ya koti.

Leo asubuhi imeingia barua pepe ya Profesa. Maoni ya sura ya tatu, kurasa sita. Chini kabisa ameandika kwamba bukta yangu aliiona kwenye ndoano akaichukua, mkewe ameifua na kuipiga pasi, iko ofisini kwa katibu wake, nipite Alhamisi saa za kuonana na wanafunzi.

Foleni ya siku hiyo huwa inafika hadi kwenye lifti. Nani yuko huru anisindikize? Mkenya usijibu.