Ritifaa ya Ng'ombeni: kitabu au video kwa anayejifunza kuunda programu za wavuti

Kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, alinijia juzi na laptopu kwapani. Alikuwa amemtengenezea mwenye duka la kanga, Barabara ya Biashara, programu ya kupokea oda: mteja anajaza jina lake, mahali anakokaa na kanga anazotaka, seva, kompyuta ya upande wa pili, inahifadhi. Ikaenda vizuri wiki tatu. Kisha akatokea mteja wa Ng'ombeni, ng'ambo ya Likoni, na programu ikagoma.

Kosa lilikuwa kwenye ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Katika SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, maneno ya mteja hufungwa kwa alama hiyohiyo, mwanzo na mwisho. Programu ya kijana iliyachukua maneno kama yalivyo na kuyaunga kwenye amri. Hifadhidata ilipofika kwenye “Ng” ikajua neno limekwisha, na “ombeni” ikaisoma kama sehemu ya amri. (Kwa Kiswahili ni amri kweli, ila hifadhidata haijui Kiswahili.) Huo ndio mlango wanaopitia wadukuzi. Palipoandikwa Ng'ombeni, mwenye nia mbaya huandika maneno ya kufuta jedwali zima au kuchota orodha ya wateja na simu zao.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Kwenye video, miezi minne, usiku kwa usiku. Majina ya kujaribia humo yalikuwa John na Smith, hayana ritifaa.

Kuna wanaosikia kisa hiki wakasema papo hapo: angesoma kitabu. Mimi naegemea huko, lakini si kwa wepesi huo. Video ilimpa kitu ambacho kitabu humpa msomaji kwa taabu: jioni ya kwanza aliona fomu yake mwenyewe ikifunguka kwenye kivinjari. Bila furaha ile pengine angeiacha kazi hii siku ya tatu. Kitabu, kinyume chake, huanza na kurasa arubaini za historia na kusakinisha, na wengi huishia hapo.

Lakini baada ya jioni ile ya kwanza kinachohitajika ni mpangilio, na hapo kitabu hakina mpinzani. Chukua jambo moja tu. HTTP, utaratibu unaotumiwa na kivinjari na seva kuongea, haina kumbukumbu. Kila ombi huja peke yake. Ni kama muuza kahawa wa Mji wa Kale asiyeshika sura: ukirudi kwa kikombe cha pili anakupokea kama mgeni, mpaka siku atakapokupa kijikaratasi chenye namba uje nacho. Kijikaratasi hicho ndicho kuki, na daftari analotazamia namba yako ndilo sesheni. Kijana wangu alijua kuandika mstari wa kuanzisha sesheni. Kwa nini uwepo, hakujua. Kwa hiyo watumiaji walipotolewa nje ya programu ovyo, aliubandika mstari uleule kwenye kila ukurasa na kuomba heri. Mwandishi wa kitabu hana njia ya kuruka hatua hiyo, kwani sura ya sita imejengwa juu ya sura ya tatu. Video kumi za watu kumi haziwajibikiani.

Ubaya wa kitabu ni kwamba kinazeeka rafuni. Nami nililipia somo hilo. Nilinunua kitabu cha mitumba cha PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, nikakesha siku mbili nikitafuta kosa langu ambalo halikuwepo: amri za mysql, za kuongea na hifadhidata, zilizojaa mle zilikuwa zimeondolewa kabisa katika PHP 7, iliyotoka Desemba 2015. Hata hivyo nilipokirudia baadaye nilikuta suala la ritifaa limeelezwa vizuri. Dawa yake imepitwa, kwani siku hizi amri hutumwa kwanza kwenye hifadhidata na maneno ya mteja hufuata peke yake, yasichanganyike. Maelezo ya ugonjwa bado ni yaleyale.

Kuna pia mambo ambayo vitabu vya ng'ambo havitayagusa. Mteja wa kanga halipi kwa kadi ya benki, analipa kwa M-Pesa. Mtengenezaji wa programu hupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017, na jibu la malipo halirudi palepale: hutumwa baadaye kwenye anwani ya intaneti uliyoitaja. Kwa hili, video ya kijana mwenzako wa Kenya itakufaa kuliko kitabu kinene cha London. Ila anayeweka laptopu yake ya nyumbani kuwa anwani ya kupokea majibu atangoja mpaka kucha, kwa sababu seva za nje haziioni. Aliyesoma sura ya maombi na majibu analitambua hilo kwa dakika tano.

Gharama nazo zina lake. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa hii mwaka 2009, na bado vijana wanahesabu bando. Saa moja ya video inaweza kumeza mamia ya megabaiti. Kitabu kizima kwenye simu mara nyingi hakizidi makumi. Kasoro ni kwamba ukinakili msimbo kutoka PDF, nafasi za mwanzo wa mistari hupotea, na Python, lugha nyingine ya programu, haikubali hilo. Bora uchape kwa vidole, na kwa kweli ndivyo unavyoingia kichwani.

Kinachonisumbua zaidi ya uzee ni ububu. Kitabu hakijibu swali, na kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Lakini sisi watu wa pwani tuna njia ya kusoma kitabu kigumu cha lugha ya kigeni. Baada ya magharibi sheikhe hukaa na kitabu cha Kiarabu, anasoma mstari, anaufasiri, anauliza mmeelewa, anasonga. Hakuna anayeona ajabu kitabu kimoja kuchukua miaka miwili. Sijui kwa nini anayejifunza programu aachwe na kitabu peke yake chumbani, kisha tuseme kitabu kimemshinda.

Tumeanza hivyo, watu wanne, Jumamosi baada ya alasiri, kitabu kimoja na laptopu mbili. Wa Kisauni ameruka sura ya kusakinisha na hatukumzuia. Wiki iliyopita tulimaliza kurasa tisa. Kila fomu inayotengenezwa pale lazima kwanza ikubali mteja wa Ng'ombeni.