Nauza mawese yako

Juzi, barabara ya kushukia bandari ya Kibirizi, hapa Kigoma, mama mmoja wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika alimwendea muuza mawese. "Jambo, mama. Nataka kuuza mawese."

"Mbona ninayo yangu, dada, na hayajaisha. Kamuuzie mwingine."

Yule mama akagusa dumu. "Hapana, nauza haya yako!"

"Uuze mali yangu, nami nimekaa hapahapa?"

Vijana wa bodaboda wakaangua kicheko. Mmoja akaropoka: "Wakongo hawa, Kiswahili kimewapita kando." Hapo damu ikanichemka.

Kwa Kiswahili cha kwao, kuuza ndiko kununua kwetu. Sisi tunapouza, wao wanauzisha: mwenye mali humfanya mwenzake auze. Nimetafuta kosa kwenye mantiki hiyo tangu juzi, sijaliona.

Na lile "jambo" walilolicheka pia? Kwa wenzetu ni salamu ya kweli, ya nyumbani na ya sokoni. Sisi tumewaachia watalii. Mzungu anayekwenda kupanda boti ya hifadhi ya Gombe akitutupia "jambo", tunamkenulia hadi jino la mwisho, anasifiwa anajua Kiswahili. Mkongo akilitamka neno hilohilo, mshamba. Hongera zetu.

Tena mropokaji mwenyewe ni mtoto wa Ujiji! Bibi yangu ni Mmanyema wa hukohuko Ujiji. Wamanyema walitokea wapi, Bagamoyo? Walivuka ziwa hilihili, wengine wakibeba pembe za ndovu za watu, wengine wamefungwa minyororo. Huko Kongo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na tangu 2022 nchi yenyewe imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tumewakaribisha, kumbe ili tuwacheke kwa karibu.

Haya, nakubali, mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani atakatwa maksi, na penye fedha neno moja laweza kukutia hasara. Lakini si ndiyo sababu ya kuuliza? "Una maana gani, dada?" Maneno manne tu.

Aliyeuliza ni mzee mmoja mchukuzi, kashika kata yake mkononi. "Mama, hela unatoa au unapokea?"

"Natoa!"

Biashara ikaisha kwa dakika mbili. Aliyempakia mama na dumu lake hadi kwenye boti ni yuleyule kijana mropokaji. Alimtajia nauli mara mbili ya ile tunayolipa sisi, na hapo wakaelewana bila mkalimani.