Kigango si pambo la sebuleni

Ninauza vitu vya kale hapa London, na nitasema hata wateja wakiudhika: macho ya huku hukipenda kitu zaidi kikishang'olewa kwao.

Chukua kigango. Kwetu, kwa Wamijikenda wa Pwani ya Kenya, ni mti uliochongwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, aliyefariki, ukasimikwa ardhini ili koma wake, yaani roho yake, atulie. Mji ukihama, chenyewe hakihami; hubaki pale pale kipigwe na jua na mvua mpaka kioze. Huku utakikuta juu ya kitako cha chuma cheusi, taa ikimulika kutoka juu ili zile pembetatu zilizochongwa zitoe kivuli. Kupendeza kinapendeza, sitaki uongo. Lakini inama utazame chini, karibu na chuma. Mti umeliwa, rangi ni nyingine kabisa. Hapo ndipo palipokuwa udongoni. Muuzaji ataita huo ushahidi kuwa ni cha kweli, na bei ipande. Mimi naona pale mtu alipochimba.

Mwaka 2007 makumbusho mawili ya Marekani yalirudisha Kenya vigango viwili vilivyoibwa 1985. Vingine vingi vilibaki.

Makumbusho ya huku yana mazuri yake. British Museum huingii kwa kiingilio, na mtoto wa shule anaweza kuketi mbele ya kitu kimoja mpaka achoke. Hilo tungeliiga. Ila Ngadji, ngoma takatifu iliyochukuliwa kwa Wapokomo wa Kenya 1902, imo ghalani mwao, na sheria yao ya 1963 inawabana wasitoe vitu ovyo. Sasa ngoma isiyopigwa wala kutazamwa inamfaa nani?

Na sisi tusijifanye wasafi. Makaburi ya nguzo ya Pwani yana mashimo ya duara yaliyokuwa na sahani za Kichina, na sidhani wote waliozibandua walikuwa wageni. Kuna watu wanaoupaka mlango wa kuchonga rangi ya mafuta, koti juu ya koti, hadi maua yazibe, halafu wananipigia simu kuuliza Ulaya unauzwaje. Nawaambia waukwangue, waufunge usiku, waufungue asubuhi. Hawanielewi.

Mteja akiniomba kigango, humpeleka kwenye kasha la njumu, lile sanduku la mbao lenye mapambo ya shaba. Lilivuka bahari kutoka Bara Hindi kuja Pwani kwa biashara, limeuzwa na kuuzwa tena, na halina koma wa kulidai. Wengine huondoka wamenuna.