Runinga ya intaneti Marekani: je, kituo cha mjini kwako kimo?

Majedwali ya kulinganisha huduma za kulipia za runinga ya intaneti, yaani YouTube TV, Hulu + Live TV, Fubo, Sling TV na Philo, ni mengi, na karibu yote yana safu zile zile: bei, idadi ya chaneli, muda wa kurekodi. Kuna safu moja ambayo mtu anayeishi Marekani na anayetaka kuachana na kebo asiiamini haraka, nayo ni ile ya chaneli za mjini. Tiki iliyowekwa pale haimhusu yeye mpaka ajue yuko wapi.

Mashirika makubwa ya runinga, ABC, CBS, NBC na Fox, hayarushwi kama chaneli moja kwa nchi nzima. Kila shirika lina vituo washirika mijini, vingi vikiwa mali ya kampuni nyingine kabisa, na Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, imeigawa nchi katika masoko 210. Ndiyo maana Sling, iliyoanza Februari 2015 kwa dola 20 kwa mwezi, inaweza kutangaza kwa haki kabisa kwamba ina NBC, Fox na ABC, halafu wewe ukajiunga na usizione: inazo katika miji kadhaa tu, na CBS haijawahi kuwa sehemu ya kifurushi chake. Philo haina hata moja kati ya hizo nne, na angalau haijifanyi kuwa nazo. YouTube TV na Hulu ndizo zinazokaribia kuifikia nchi nzima, lakini zinakutoza kwa hilo. YouTube TV ilianza Aprili 2017 kwa dola 35. Januari 2025 ilifika dola 82.99, yaani karibu dola 1,000 kwa mwaka. Kebo waliyoikimbia watu imewafuata hadi walikokimbilia.

Huduma zenyewe zina utetezi, na si wa kupuuzwa. Sheria ya kebo ya 1992 ilivipa vituo hiari kila baada ya miaka mitatu: ama viilazimishe kampuni ya kebo kuvibeba bila malipo, ama vidai fedha kwa kutoa ridhaa. Vituo vikubwa vilichagua fedha, na malipo hayo huhesabiwa kwa kila mteja. Kampuni za intaneti ziliingia soko likiwa limeshazoea mtindo huo. Tena zenyewe hazimo ndani ya kanuni hiyo. FCC, mamlaka ya mawasiliano, ilipendekeza mwaka 2014 kuziweka kundi moja na kebo, na pendekezo likaishia kwenye makabati. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayelazimika kubeba kituo chochote, na hakuna kituo kinachoweza kudai kibebwe. Kila kitu ni mkataba, na mkataba huisha.

Ulipoisha ule wa Disney, mmiliki wa ABC, na YouTube TV tarehe 30 Oktoba 2025, ABC ilitoweka kwenye huduma hiyo pamoja na ESPN, chaneli ya michezo, hadi tarehe 14 Novemba. Watu wengi walililia mpira wa Kimarekani wa Jumatatu usiku. Mimi kilichonigusa zaidi ni taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni. Kituo cha mji mdogo ambacho hakijagombana na mtu kilizimwa kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, kwani kwenye huduma hizi kwa kawaida shirika mama ndilo linalojadiliana kwa niaba ya washirika wake. YouTube TV iliwarudishia wateja dola 20. Kituo cha mji kilichokosa watazamaji kwa wiki mbili hakikuwa na wa kumdai.

Upande wa pili kuna antena. Unainunua mara moja, unaichomeka nyuma ya runinga, unaingia kwenye menyu na kuiambia itafute chaneli. Mara ya kwanza, ikiwa imelala nyuma ya kabati, inaweza kukupa chaneli kumi na mbili za mahubiri na matangazo ya sufuria. Ukiihamishia dirishani na kutafuta upya, 7.1, namba ya kituo cha mjini kwako, inajitokeza, picha safi kuliko ya intaneti, na bao unaliona kabla jirani mwenye huduma ya kulipia hajaliona. Mwenye nyumba pia hana mamlaka ya kukukataza kuifunga kwenye roshani ambayo ni ya matumizi yako peke yako. FCC ina kanuni ya kukulinda.

Lakini wanaoisifu antena kana kwamba ni tiba ya kila kitu hawasemi yote. Mlima au ghorofa ikisimama kati yako na mnara, hupati kitu. Zipo hata shida za mjini kabisa: Marekani ilipohamia dijitali Juni 2009, WPVI, kituo cha ABC cha Philadelphia, kilibaki kwenye chaneli 6 ya VHF, masafa ambayo antena nyingi ndogo za ndani huyanasa kwa tabu. Kurekodi kunahitaji kifaa cha ziada, ilhali YouTube TV inarekodi bila kikomo na kuhifadhi kwa miezi tisa.

Waliojaribu kuunganisha pande hizi mbili walikwama mahakamani. Aereo ilimkodisha kila mteja kiantena kidogo na kumletea picha kwa intaneti. Mahakama ya Juu iliikataa Juni 2014, majaji sita kwa watatu. Locast, iliyoleta vituo vya mjini kwa intaneti na kujiita shirika lisilo la faida, ilifunga Septemba 2021.

Kwa maoni yangu, anayepata mawimbi vizuri aanze na antena, halafu aongeze huduma ya bei nafuu kwa vile ambavyo antena haina. Asiyeyapata hana budi kulipia YouTube TV au Hulu, ila ajiunge msimu wa mechi anazozitaka na kujitoa ukiisha, kwani inaruhusiwa kulipa mwezi kwa mwezi. Kwa vyovyote, aandike msimbo wake wa posta kwenye ukurasa wa huduma na kusoma majina ya vituo kabla ya kutoa namba ya kadi.

Wapo ambao hata hilo haliwasaidii. Wilaya ya La Plata, kusini magharibi mwa jimbo la Colorado, imewekwa katika soko la Albuquerque, mji ulio jimbo jingine, New Mexico. Mkazi wake akiandika msimbo wake kwa uaminifu, analetewa habari za gavana asiyemchagua. Vituo vingi vya miji sasa vinarusha taarifa za habari bure kwenye programu zao, kwa hiyo za Denver, mji mkuu wa jimbo lake, anaweza kuzifuata huko. Mechi na tamthilia hazimo, maana haki zake zimefungwa ndani ya soko.