Draiva ya diski: ndani ya kerneli au moduli?

Anayeunda mwenyewe kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, lazima aamue: mbele ya draiva ya diski (programu inayoiwezesha kerneli kuisoma) aandike y, ijengwe ndani ya kerneli, au m, iwe moduli ya kupakiwa baadaye? Wengi hubishania memori. Ubishi huo umepitwa na wakati, kwani draiva hizi ni ndogo mno kuisumbua mashine yenye gigabaiti za RAM. Kazi iko kwingine: moduli hukaa kwenye /lib/modules, na mara nyingi saraka hiyo imo ndani ya diski ileile ambayo kerneli haiwezi kuisoma bila moduli hiyo. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Debian na wenzake, yaani usambazaji (mifumo ya Linux iliyoandaliwa tayari), hutatua hilo kwa initramfs, kifurushi kinachopakiwa kwenye memori pamoja na kerneli, kikiwa na moduli za mwanzo. Hawana njia nyingine ya maana. Hawajui kama kerneli yao itakutana na diski ya SATA, ya NVMe (aina mbili za muunganisho) au mashine pepe yenye virtio (diski ya kuigiza), na kuzijenga draiva zote ndani ni kubebesha kila mtu mzigo wa wengine.

Mwenye mashine moja anayoijua ana hesabu tofauti. Akijenga draiva ndani, initramfs huweza kuachwa kabisa, na kitu kimoja cha kuharibika kimepungua. Lakini hapa ndipo watu hunaswa, maana draiva moja haitoshi. Kwa diski ya SATA unahitaji ahci (draiva ya kidhibiti cha SATA), kisha sd (draiva ya diski yenyewe), kisha mfumo wa faili, tuseme ext4. Ukiweka y kwenye ahci, tabaka la SCSI, ambalo sd hulitegemea, huvutwa lenyewe, sd haivutwi. Ikibaki m, skrini itakuandikia “SATA link up 6.0 Gbps”, utashusha pumzi, halafu kerneli itakwama kwenye “unknown-block(0,0)”. Sifuri hizo zinasema kerneli haikuipata diski iliyoagizwa. Ukiona 8,1 badala yake, diski imeonekana, kagua ext4. NVMe ina njia fupi zaidi, haipiti kwa sd.

Hata hivyo, kuna wasioweza kuikwepa initramfs. Diski ikiwa imesimbwa kwa LUKS, au mfumo ukikaa juu ya LVM (njia ya kugawa diski kwa programu), sharti programu fulani zitangulie. Hata root=UUID= ya kawaida, inayotaja diski kwa kitambulisho cha mfumo wa faili, huhitaji msaada huo; kerneli peke yake inaelewa PARTUUID, kitambulisho cha kizigeu. Kwa hao, kujenga draiva ndani hakuwapi faida kubwa.

Watetezi wa moduli husema unaweza kuitoa kwa modprobe -r na kuirudisha na vigezo vipya bila kuwasha upya. Kweli, ila si kwa diski inayobeba mfumo: draiva yake inatumika muda wote, haitoki. Hoja hiyo ina nguvu kwa kisoma DVD au diski za USB, na hizo ningeziachia m bila kujiuliza mara mbili.

Kwa hiyo, kwenye mashine isiyo na usimbaji, mimi huandika y kwa mnyororo wa diski ya mfumo tu. Nikihamishia diski kwenye mashine ya kidhibiti kingine, haitawaka. Lakini hata initramfs iliyopunguzwa ili itoshee mashine moja ingekwama vilevile, kwa hiyo kerneli ya kawaida ya usambazaji hubaki kwenye menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo.