Hawataki Jibu, Mjomba

Umeme umerudi sasa hivi, saa nne usiku, nimeshazima koroboi na kukubali yaishe. Sisi Mtwara ndio wenye gesi, eti. Bomba likapelekwa Dar es Salaam tangu 2015, nasi tukabaki kulinda lilikopita. Basi, nisianze na hayo, nina presha.

Nasomea GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara vya Ulaya na Marekani. Mtaa mzima wa Magomeni umeshajua, kwa hiyo kila ninayepishana naye: "Vipi, umefaulu?" Nifaulu nini, mtihani wenyewe sijaufanya! Mwenye genge ananiuliza huku ananipimia nyanya mbovu. Shangazi yeye ana upole wake: "Mwanangu, kile chuo ulimaliza, au ulitudanganya?"

Na mimi si mtu wa kuulizwa hivyo. Mimi ni mhasibu. Nina shahada, nina tai mbili, ofisini naitwa "mkuu" hata na wanaonidai. Lakini kaa mbele ya lile dude uone. Sehemu ya hesabu: maswali 21, dakika 45, kikokotoo marufuku. Ukipatia, linalofuata linakuja gumu zaidi! Alama zenyewe zinaanzia 205 mpaka 805, sifuri hawana. Nilipomwambia mjomba akashangaa: "Si umeshafaulu basi? Mia mbili na tano kwa mia!"

Ndiyo, mjomba yupo. Katoka Tandahimba kufuatilia hela yake ya korosho, akasema atalala siku mbili. Siku mbili za mjomba unazijua. Na kwetu Wamakonde mjomba ndiye serikali, humwambii kitu.

Jana jioni kanikuta barazani na daftari.

"Unasoma nini, mpwa wangu?"

"Hesabu, mjomba."

"Nisomee moja."

Nikamsomea, nikaligeuza kidogo likae kikorosho ili tusisumbuane. Hamisi na Asha wameuza jumla ya kilo 40 za korosho. Je, Hamisi aliuza kilo ngapi? Kauli ya kwanza: Asha alimzidi Hamisi kilo 10. Kauli ya pili: Hamisi aliuza zaidi ya kilo 12.

Mjomba akafumba macho, vidole vikahesabu juu ya msuli. "Kumi na tano."

"Sawasawa kabisa. Ila hawataki jibu."

"Hawataki?"

"Wanataka useme kama kauli zinatosha kulipata. Ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake haitoshi. Unabonyeza, unasonga mbele."

"Na kumi na tano yangu?"

"Inabaki hapahapa nyumbani."

Akasimama. Mjomba akisimama ujue baraza limeanza. "Mtu anajua kilo za mwenzake, halafu anasonga mbele? Kumbe ndiko wanakofundishwa! Mimi nauliza hela yangu shilingi ngapi na inaingia lini, naambiwa taarifa zako zinatosha, mzee, nenda ukasubiri. Kumbe wamefaulu hao!"

Sauti ikamtoa jirani wa kulia. Kaja na swali lake: hizo kilo 40 zilipimwa kwenye mizani au kwa kangomba, kile kipimo cha walanguzi? Maana kama ni kangomba, Hamisi kaibiwa kabla hujaanza hesabu. Jirani wa kushoto akataka kujua daraja, la kwanza au la pili. Bibi akatoka jikoni na mwiko.

"Huyo Asha ni mkewe?"

"Bibi, hawajasema."

"Wanauza pamoja, na hujui kama wameoana?"

"Haihusiani, bibi."

"Haihusiani vipi? Kamzidi kilo kumi! Shamba la nani?"

Wakagawanyika. Upande mmoja Asha ana mikorosho yake, kaachiwa na mama yake. Upande wa pili Hamisi ni mlevi, msimu mzima mikorosho kapuliziwa salfa na shemeji, na hizo kumi na tano zenyewe apewe nusu. Bodaboda mmoja kasimamisha pikipiki na abiria wake juu, naye abiria kachangia. Mimi mhasibu, mtu wa tai, najaribu kuwaeleza kwa hekima kwamba huu ni mfano tu, jamani, mfano. Hakuna anayenisikia. Mwishowe nikapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza: "HAWAPO! Hamisi hayupo! Asha hayupo! Hakuna korosho!"

Kimya. Mjomba akanitazama kwa huzuni.

"Hayupo, na kilo zake umezijua."

Sasa huo mtihani kuna namna ya kuufanyia nyumbani kwa intaneti. Masharti: chumba uwe peke yako, mlango umefungwa, uwazungushie kamera waone kila pembe, na asiingie mtu. Kwangu! Sebule ndiyo njia ya kwenda jikoni. Nikaenda gesti kuulizia chumba. Dada wa mapokezi akanihoji: mchana? Mchana. Muda gani? Kama saa mbili na robo hivi. Na nani? Peke yangu, mlango ufungwe, nina kamera. Akaniambia nisubiri amwite meneja. Sikumsubiri.

Itabidi iwe nyumbani tu. Lakini chini ya meza yangu kalalia kuku, na kuku mwenyewe si wangu, ni wa jirani wa kushoto, yule wa madaraja. Nikimsogeza tu, mwenyewe anasikia huko kwake. Ametagia kwangu, amelalia kwangu, pumba anakula za kwangu. Nimemuuliza mjomba leo, hivi vifaranga vikitoka ni vya nani? Hata hakufikiria: watoto ni wa upande wa mama. Na jogoo wangu je? Maana ni wake wale, mtaa mzima umeona! Mjomba kasema jogoo apewe punje, ashukuriwe.